Kwa nini tunanong'ona kwenye simu, lakini namba ya NIDA tunaigawa kila kaunta?

#1 Mkazi wa Tabata
Wakuu, habari za jioni.

Watu wa Dar tuna tabia mbili ambazo kwangu hazikai pamoja. Ya kwanza: mtu akitaka kusema neno juu ya siasa au juu ya mkubwa fulani, anakukatisha, "tusiongee haya kwenye simu, njoo tuonane." Nimelisikia kwa wafanyabiashara, kwa walimu, hata kwa mama yangu mdogo ambaye simu yake ni ya batani.

Ya pili: mtu huyo huyo akifika kwa wakala wa laini chini ya mwamvuli pale Buguruni, anataja namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa sauti, anaweka kidole, anaacha kitambulisho kipigwe picha kwa simu binafsi ya wakala, na haulizi hata swali moja. Akienda ofisi za katikati ya mji, Posta, anaandika jina na namba yake kwenye kaunta buku ambalo kila mgeni atakayekuja nyuma yake atalisoma.

Dai langu ni hili: hofu yetu yote tumeielekeza kwenye sikio la serikali, na wengine wote tumewaachia mlango wazi. Na hilo sikio lenyewe hatujui linasikia nini hasa. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Dereva wa Mbezi
Nafuatilia. Uzi mzuri.

#3 Kijana wa Gongo la Mboto
Jibu ni rahisi mkuu. Serikali ina polisi, ina mahakama, ina gereza. Wakala wa laini ana mwamvuli na kiti cha plastiki. Atanifanya nini?

#4 Binti Magomeni
@#3 ngoja nikwambie atakachokufanya.

Mwaka jana nilikuwa napeleka nyaraka kwenye jengo moja mjini. Getini kuna daftari: jina, utokako, unayemwona, namba ya simu, muda, sahihi. Nikaandika vyote, ni utaratibu. Sijafika hata kwenye kituo cha daladala, ujumbe umeingia: "Mambo dada, ni mimi yule wa getini." Sikujibu. Usiku akapiga. Nikamzuia, akaja na namba nyingine. Akawa ananiita kwa majina yangu matatu, na daftarini niliandika moja tu. Haya mengine aliyatoa wapi? Kwenye huduma ya kutuma pesa. Unaingiza namba ya mtu kama unataka kumtumia, jina lake kamili linakuja kabla hujaweka namba ya siri. Ukishalisoma unaghairi, wala hukatwi kitu.

Gereza sijawahi kuliona. Yule mlinzi alininyima usingizi, na ilibidi nimweleze mume wangu kwa nini mwanaume ananipigia saa tano usiku. Kwa hiyo usiseme wa chini hawana uwezo.

#5 Kijana wa Gongo la Mboto
@#4 pole sana dada. Hilo la jina kutokea nililiona siku zote kama usalama, kuzuia kutuma kwa mtu mwingine.

#6 Binti Magomeni
Ni usalama pia. Ndiyo ugumu wake.

#7 Mzee wa Ilala
Vijana, hamkuanza nyinyi. Mimi nimekulia kwenye mfumo wa nyumba kumi, kila kumi na balozi wake. Mgeni akilala kwako, balozi anajua kabla ya jua kutoka. Nani kanunua baiskeli mpya, nani anapokea barua kutoka nje, yote yalijulikana. Na hatukuona kama tunachunguzwa, kwani balozi huyo huyo ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa ndoa na kukuandikia barua ya utambulisho. Serikali kujua habari zako lilikuwa jambo la kawaida.

Kwa hiyo maelezo yangu ni haya: kutoa taarifa zako ukiulizwa na mtu wa kaunta ni malezi. Tulifundishwa kwamba anayeficha ana baya. Kunong'ona nako ni malezi hayo hayo, maana balozi alikuwa na masikio.

#8 Mwalimu wa Temeke
Shikamoo mzee. Niongeze tu kwa wadogo wanaosoma: balozi hakuwa ofisa wa serikali, alikuwa ngazi ya chama. Nyumba kumi kumi ziliwekwa na TANU miaka ya 1960, na mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992 mabalozi wakabaki kuwa wa mashina ya CCM. Barua ya utambulisho sasa unaifuata kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

#9 Mzee wa Ilala
Marahaba. Kwa sisi tuliokuwepo, chama na serikali havikuwa na mpaka wa kuuona kwa macho.

#10 Fundi wa Aggrey
Natengeneza simu Kariakoo. Niwaambie ninachokutana nacho mezani.

Wateja wengi wanakuja na maneno "fundi, nadukuliwa." Dalili wanazotaja ni zile zile: simu inapata moto, chaji haikai, kuna mwangwi nikiongea. Naifungua. Mara nyingi betri imevimba, au mtu amepakua programu ya kusafisha simu ambayo yenyewe ndiyo mzigo. Lakini kuna kitu kimoja nakikuta mno: WhatsApp yake imeunganishwa na kompyuta ya mtu mwingine. Ni mume, ni mke, ni bosi, ni jirani wa meza ofisini aliyeshika simu yake dakika moja. Ingieni WhatsApp sasa hivi, bonyezeni vidoti vitatu, tazameni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa usichokijua, kiondoe.

Mteja mmoja mwanamke alisimama hapa mbele yangu amepauka, ana uhakika anafuatiliwa na watu wa usalama kwa sababu ya ndugu yake anayegombea udiwani. Kompyuta iliyounganishwa ilikuwa ya mchumba wake. Aliniomba nisimwambie mtu, ndiyo maana simtaji hata mtaa wake.

#11 Mama Ntilie wa Mwananyamala
Fundi, hiyo ya tiki tatu nyekundu ni kweli? Tuliletewa kwenye kundi la kikoba kwamba tiki ya tatu maana yake serikali imesoma.

#12 Fundi wa Aggrey
@#11 hapana mama, hakuna tiki ya tatu. Tiki moja umetuma, mbili umefika, za bluu umesomwa. Ule ujumbe huzunguka, unapotea, unarudi.

Na kwa mama mdogo wa mleta uzi: simu ya batani haimfichi. Ni kweli ni vigumu kumwekea programu ya kupekua. Ila simu za kawaida na SMS hazijafungwa kutoka simu hadi simu, mtambo wa kampuni unaziona. Na kampuni inaweka kumbukumbu: umempigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, ukiwa karibu na mnara upi. WhatsApp tangu 2016 inafunga ujumbe toka simu yako hadi ya mwenzako, hata wenyewe hawausomi. Bado wanajua umewasiliana na nani na lini. Na nakala ya mazungumzo ukiihifadhi Google bila kuifunga kwa nenosiri, hapo umefungua dirisha la nyuma.

#13 Mwalimu wa Temeke
Hapo kwenye orodha ya simu msipapite haraka. Snowden, aliyefanya kazi na majasusi wa Marekani, alipotoa siri zao Juni 2013, habari ya kwanza kabisa kuchapishwa ilikuwa ya kumbukumbu za simu za wateja wa kampuni ya simu ya Verizon: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Maneno hayakuwemo. Ukijua mtu kapiga kituo cha ushauri wa VVU, kisha kampigia dada yake, kisha hospitali, unahitaji kusikia alichosema?

#14 Mjumbe wa Sinza
Mnasahau 2019. Julai ile zilisambaa sauti za mazungumzo ya simu ya vigogo wenyewe wa chama tawala, CCM, akina Kinana, Makamba, Nape. Nape alikwenda Ikulu Septemba akaomba msamaha na akasamehewa. Kama sauti za watu wa ngazi ile zinaweza kuwa mtaani, muuza mitumba wa Ilala afanyeje asinong'one? Kunong'ona kulianza zamani, lakini siku zile ndipo watu walipopata ushahidi.

#15 Dereva wa Mbezi
@#14 ushahidi wa nini? Zilirekodiwa kwenye mtambo, au mmoja wa waliokuwa wakiongea alirekodi, au simu ya mmoja wao ilichezewa? Kila mtu kijiweni kwetu ana jibu lake na hakuna aliyeleta uthibitisho.

#16 Mjumbe wa Sinza
Kwa hofu ya mtu wa kawaida haibadilishi kitu. Ametoka hapo anajua simu inavuja.

#17 Wakili wa Kinondoni
Salaam. Niweke sheria mezani, maana tunaizunguka.

Katiba ya 1977, Ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inataja uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Huo ndio msingi. Juu yake imekuja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu cha 32 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri kwa mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hapo hakuna hakimu katikati. Ndiyo msingi wa kesi ya Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, aliyekamatwa Desemba 2016: polisi walitaka kujua wachangiaji waliojificha nyuma ya majina ya bandia, akakataa. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, faini shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kila anayeandika hapa kwa jina la bandia anapaswa kuijua kesi hiyo.

Halafu kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilizotaka hata vibanda vya intaneti viweke kamera. Na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikatoa tangazo kwamba wanaotumia VPN, programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya kificho, wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule.

Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Inakupa haki ya kujua nani anakusanya taarifa zako na kwa kazi gani, haki ya kutaka zirekebishwe, na haki ya kulalamika. Daftari la @#4 na picha ya wakala vinaingia humo. Usalama wa taifa umewekewa mlango wake wa msamaha. Kwa hiyo mleta uzi anashangaa watu, mimi nashangaa sheria: tumepewa ngao dhidi ya mlinzi wa getini, na bado hatuitumii; dhidi ya mkubwa ngao yenyewe ni nyembamba.

#18 Kijana wa Gongo la Mboto
Asante wakili. Na alama za vidole kwenye laini, si zilianza 2020 baada ya corona?

#19 Mwalimu wa Temeke
Hapana. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019. Mwisho uliwekwa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza hadi Januari 20, 2020. Corona ilikuwa haijafika hapa. Nakumbuka foleni za NIDA mwaka ule, watu wanalala nje, kina mama na watoto mgongoni. Hakuna aliyekuwa anauliza alama zake zitahifadhiwa wapi na nani. Swali lilikuwa moja: laini yangu itafungwa? Pesa yote ya familia ilikuwa kwenye laini.

#20 Mkazi wa Tabata
@#19 hapo umenigusa. Basi pengine watu hawapuuzi. Wanatoa kwa sababu usipotoa huli.

#21 Mtu wa Kibiti
Mimi nitasema msilopenda kusikia. Nyumbani ni Kibiti, naishi Mbagala. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mara moja huko kwetu. Kabla na baada, wenyeviti wa vijiji waliuawa majumbani mwao, usiku, mbele ya watoto. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kitongoji. Alihama nyumba yake, akawa analala kwa watu tofauti.

Kipindi kile, mtu angekuja kuniuliza kama nataka serikali isikilize kila simu inayopigwa Rufiji yote, ningemwambia isikilize na yangu. Mnaongea faragha mkiwa mmelala salama. Anayechunguzwa na hana kosa anapoteza nini ukilinganisha na baba yangu?

#22 Mjumbe wa Sinza
@#21 pole mkuu, na Mungu amlinde mzee. Lakini mnara unaomsaidia mpelelezi kumpata muuaji ni huo huo unaoweza kumwonyesha mtu mbaya ulipo wewe. Mmesahau iliyotajwa mahakamani London 2024, kwamba mtandao mmoja hapa ulikuwa ukitoa mahali alipo Tundu Lissu kabla hajapigwa risasi Septemba 2017?

#23 Wakili wa Kinondoni
@#22 tuiseme kama ilivyo. Ilikuwa kesi ya ajira: mpelelezi wa zamani wa kampuni alidai aliachishwa kazi kwa kulisemea hilo. Hayo ni madai yaliyoripotiwa kutoka kwenye kesi yake. Hakuna hukumu iliyosema taarifa zile ndizo zilizosababisha shambulio. Tukiongeza chumvi tunawapa watu sababu ya kutotusikiliza.

#24 Mtu wa Kibiti
Asante wakili. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu baba yangu.

#25 Binti Magomeni
@#24 nakujibu mimi. Kwa Kibiti ya 2017 ningekubaliana nawe. Ninachotaka ni mtu aliyepewa ruhusa ile ajulikane jina, awe na hakimu juu yake, na ruhusa iwe na siku ya kuisha. Baba yako angelindwa vile vile.

#26 Mtu wa Kibiti
Hakimu akiwa safarini Dodoma na mtu anakuja usiku huu?

#27 Jezi ya Kijani
Wakuu mnaongea serikali, mimi naogopa simu yenyewe. Nikitaja Yanga tu sebuleni, kesho naletewa matangazo ya jezi. Inanisikiliza.

#28 Dereva wa Mbezi
Wewe hata isiposikiliza inajua, umeweka nembo kila mahali. Sisi wa Msimbazi tunaletewa matangazo ya makombe.

#29 Fundi wa Aggrey
@#27 haihitaji kukusikiliza. Unatafuta matokeo, unapenda picha za klabu, unafuata kurasa zao, siku ya mechi simu yako iko uwanjani Temeke. Jamaa yako mliyekaa naye sebuleni ametafuta jezi kwa intaneti ile ile ya nyumbani. Kampuni za matangazo zinajumlisha hayo tu. Kwangu hilo linatisha zaidi kuliko kipaza sauti, maana kipaza sauti unaweza kukizima.

#30 Mama Ntilie wa Mwananyamala
Naomba niseme langu, nimelinyamazia muda.

Mtaji ulikata, mchele umepanda, nikaona tangazo la mkopo wa simu. Hakuna dhamana, hakuna mdhamini. Nikapakua ile programu. Ikauliza iruhusiwe kuona majina ya simuni, nikabonyeza ndiyo, bila kubonyeza haikuendelea. Niliomba elfu hamsini, wakakata riba mbele, nikapokea pungufu. Nikachelewa. Wakaanza kuwatumia watu wangu ujumbe mmoja mmoja: mchungaji, mwalimu wa mtoto, mteja wangu mkubwa wa ofisini, marehemu kaka yangu ambaye namba yake anayo mkewe. "Mtu huyu ni mwizi, mwambie alipe." Picha yangu ya kitambulisho imewekwa chini.

Mteja yule hakurudi kula. Mchungaji aliniombea mbele ya watu na mimi sikumwomba.

Nyinyi mnaogopa serikali isisikie. Mimi nilikuwa nalia ili isikie.

#31 Wakili wa Kinondoni
@#30 mama yangu, pole. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kuwatumia watu wako ujumbe ule ni kosa chini ya sheria ya taarifa binafsi, na unaweza kulalamika kwenye Tume bila kuajiri wakili. Nitumie ujumbe wa siri nikuandikie barua, hutalipa. Na wifi yako asifute ujumbe ule, ni ushahidi.

#32 Mama Ntilie wa Mwananyamala
Mungu akubariki mwanangu.

#33 Mpangaji wa Kijitonyama
Nimesoma wote. Nadhani mnaangalia mashine mno. Intaneti ilipozimwa Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na kurudi Novemba 3, nilichokiona kwetu ni watu kufuta. Picha, video, makundi. Jirani yangu alitoka kwenye kundi la mtaa, la kanisa, hata la waliosoma nao. Alikuwa haogopi mtambo. Alikuwa anaogopa simu yake kushikwa njiani na kufunguliwa, na anaogopa mmoja wa wanakundi kupiga skrinishoti. Makundi yana watu mia mbili, unawajua kumi. Hofu ya Dar ni hofu ya mtu kwa mtu, hiyo ya mitambo ni lugha tunayoitumia kwa sababu kumtaja jirani ni vibaya.

#34 Mzee wa Ilala
@#33 umerudi kwenye balozi wangu.

#35 Mjumbe wa Sinza
@#33 sikubali. Jirani hawezi kuzima intaneti ya nchi nzima. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, ukawa haufunguki bila VPN. Nani alifunga, jirani? Kuna hofu ya mtu na kuna hofu ya mamlaka, ukizichanganya unamsafisha mmoja.

#36 Mkazi wa Tabata
Nilikuja na dai moja, sasa nina maelezo mengi: malezi, njaa, ushahidi wa 2019, jirani, na hofu halali ya mtu wa Kibiti. Bado nashikilia la kwangu. Kwenye haya yote, pa kuanzia leo ni kaunta na geti, sababu hapo mtu anaweza kusema hapana.

#37 Binti Magomeni
Nimeleta mrejesho. Leo nimerudi kwenye jengo lile nikaomba kuonana na msimamizi. Amekubali daftari likae ndani ya kibanda, mlinzi aandike mwenyewe, na kolamu ya namba ya simu iondoke. Sharti la kuonyesha kitambulisho amekataa kuliacha. Anasema waliibiwa kompyuta ya mkononi, polisi wakaja kuomba orodha ya wageni.

#38 Kijana wa Gongo la Mboto
Mwizi alipatikana?

#39 Binti Magomeni
Hapana. Aliandika jina la uongo na namba isiyokuwepo. Wageni waliotajwa kwa ukweli ndio walioitwa kituoni kuhojiwa.

#40 Mtu wa Kibiti
Ndiyo maana nasema alama ya kidole. Huwezi kuidanganya.

#41 Fundi wa Aggrey
@#40 mashine hizo za getini tunaziuza huku. Alama zinakaa ndani ya mashine yenyewe, na wengi wakishaifunga ukutani wanaacha nenosiri lile lile lililotoka nalo kiwandani. Namba ya simu ikivuja utabadilisha laini. Kidole utabadilisha nini?

#42 Mtu wa Kibiti
Basi wabadilishe nenosiri, mkuu. Si kazi ya dakika mbili hiyo?